Sikio la Enoch Lusk

Sikio la kushoto la Enoch Lusk lilikuwa pungufu. Sehemu yake ya juu haikuwepo, na pale lilipokatikia palibaki kijinyama chembamba kimechomoza katikati, kama kisiki kilichosahauliwa shambani. Katika bonde la mto Nolichucky, ng'ambo ya milima, majirani wa zamani walikuwa wameacha kuliona. Wao walimjua Enoch kwa mambo mengine: kwamba alijenga bomba la moshi lisilorudisha moshi ndani, kwamba hakuweza kuimba hata kidogo lakini aliimba, na kwamba akishasema jambo fulani lilitokea, basi lilitokea.

Aliingia bondeni mwaka 1772 akiwa na shoka, chungu cha chuma, farasi mmoja, mkewe Keturah, na kaka wa mkewe, Tobias Greer. Keturah na Tobias walifanana kila kitu, mpaka mwanya mpana katikati ya meno ya juu. Tobias alipotabasamu ulidhani ni Keturah aliyefuga ndevu. Wanaume wale wawili walikata miti pamoja, wakajenga nyumba mbili za magogo zilizotazamana kuvuka kijito, karibu kiasi kwamba mtu akisimama mlangoni aliweza kumtukana mwenzake bila kupaza sauti. Na walitukanana kila asubuhi, kama shemeji wanavyotukanana.

"Shemeji, umeamka au umekufa?"

"Nimekufa. Njoo unizike, lakini kwanza unikamulie ng'ombe."

Ardhi yenyewe ilikuwa uwanja wa mawindo wa Wacherokee, wenyeji wa nchi ile, nao hawakuwa wamemwalika mtu. Walilisema hilo kwa maneno, kisha kwa moto, na walowezi wakajibu kwa bunduki. Enoch alikwenda katika safari mbili za namna hiyo, na baadaye maishani, watu walipozisimulia kwa majigambo, yeye aliinuka kwenda kuangalia kuni. Ndivyo ulivyokuwa mgambo wa kule. Hapakuwa na askari. Palikuwa na watu waliotundika jembe ukutani, wakashusha bunduki, wakaondoka na mfuko wa unga wa mahindi, na wakirudi wakauliza kwanza kama mvua ilinyesha.

Nguruwe waliachwa huru msituni wajilishe matunda ya mialoni. Kumjua nguruwe wa nani kulitaka alama, na alama ilikatwa sikioni angali mdogo. Kila mwenye nyumba alikuwa na yake, imeandikwa kwa karani wa mahakama. Alama ya Enoch ilikuwa mpasuo mmoja katika ncha ya sikio la kulia. Ya Tobias ilikuwa nusu mwezi, chini ya sikio la kushoto. Kila mwaka Enoch alikata, Tobias alikata, na Keturah aliwashika watoto wa nguruwe mapajani huku akiwabembeleza kwa majina ya watu wa ukoo asiowapenda.

Mwezi Septemba mwaka 1780 habari zilifika kwamba ofisa mmoja wa Mfalme wa ng'ambo ya bahari, ambaye nchi ilikuwa imemwasi, ameahidi kuvuka milima na kuchoma kila paa. Wanaume wakaitana kwenye kivuko cha mto. Enoch alivaa shati lake la kuwindia, akajaza unga wa baruti kwenye pembe, akavuka kijito kumchukua shemeji yake. Alimkuta zizini akirekebisha ua.

"Chukua bunduki, shemeji. Wanatusubiri."

Tobias hakuacha kazi. "Mimi siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Niliapa, Enoch. Miaka tisa nyuma, baada ya zile ghasia za kodi kule tulikotoka, askari wa Mfalme walitupanga mstari, tukaweka mkono juu ya kitabu, tukaapa kwa Mfalme. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo."

"Mliapishwa mkiwa mmeelekezewa mitutu. Kila mtu anajua."

"Mitutu ilikuwa yao. Mkono ulikuwa wangu."

"Huyo Mfalme hajui hata kama upo duniani."

"Mungu anajua."

Enoch alimpenda mtu huyu kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na hasira juu ya mtu umpendaye hivyo haina hatamu. Alimwita mwoga. Alimkamata ukosi wa shati ili amburute mpaka kivukoni. Tobias akamsukuma, Enoch akarudi, na wakaanguka pamoja kwenye tope la nguruwe. Walibingirika humo wakipumua kama fahali, hata Tobias, aliyekuwa chini na mikono yote imebanwa, akapata kitu kimoja tu kilichokuwa karibu na mdomo wake, akakiuma kwa nguvu zake zote.

Kisha wakaachana. Tobias aliketi topeni, akatema, akatazama alichokitema. Akaanza kulia kama mtoto. Alichana upindo wa shati lake mwenyewe, akamfunga Enoch kichwa, akakaza fundo vizuri, akalijaribu kwa kidole kama halibani. Alipomaliza aliokota kofia yake, akaondoka kuelekea milimani, upande wa mashariki, bila kumuaga hata dada yake.

Kivukoni wenzake walimuuliza Enoch kichwa kimepatwa na nini.

"Tawi," akasema. "Nilikuwa napita mbio."

Ni uongo pekee unaojulikana kwamba aliwahi kuusema, na aliusema mbele ya watu mia mbili. Alijua wakijua ni Tobias, kabla hawajamfuata ofisa wa Mfalme wangemfuata Tobias.

Vita vilipiganwa juu ya kilima chenye msitu, kwa muda usiozidi saa moja. Pande zote mbili zilikuwa za watu wa nchi ileile, wamevaa mashati yaleyale, wakilaani kwa lugha ileile, kwa hiyo wanamgambo wa ng'ambo ya milima walichomeka kipande cha karatasi kwenye kofia, na wenzao wa upande wa Mfalme kijitawi cha msonobari. Reuben Kemp, jirani aliyepakana na Enoch kwa chini ya mto, alipigwa risasi wakiwa bega kwa bega. Aliegemea mti kana kwamba amechoka. "Mwambie Drusilla lile shamba la chini asiliache," akasema, na hakusema tena. Bunduki ziliponyamaza wenzake walishuka kutafuta maji. Enoch alibaki juu kilimani peke yake, akaja kushuka baadaye sana, na hakusema alikuwa akifanya nini.

Nyumbani Keturah alimngoja mlangoni, binti yao mdogo Leah akitambaa miguuni pake. Aliuliza swali moja tu.

"Umemwona?"

"Sikumwona."

Akamfungua kile kitambaa. Aliutambua ushonaji wa upindo, maana aliushona yeye. Alikifua, akakikunja, akakiweka sandukuni, na hawakuzungumza tena habari ya sikio kwa miaka minane.

Katika miaka hiyo vita viliisha, Mfalme akawaachia nchi, na sheria ikatoka kwamba mali za watu wake zichukuliwe. Nyumba ya Tobias ilichukuliwa na wengine, wakaibomoa kwa ajili ya magogo. Nguruwe wake walikuwa bado msituni. Kila Machi watoto walipozaliwa, Enoch aliwafuatilia majike, akawakamata wadogo, na mke wake akawashika mapajani. Hakuna aliyeuliza wala kueleza. Walioshuka kwa jike la Enoch walikatwa mpasuo kulia. Walioshuka kwa jike la Tobias walikatwa nusu mwezi kushoto.

Bonde likajaa. Watu wapya walikuja kutoka mashariki na magari ya ng'ombe na hati, na mahakama ikapata hakimu kutoka mashariki pia, Bwana Moffet, mtu mrefu, mkavu, mwenye mafua ya kudumu. Na macho ya watu wapya yaliliona sikio. Huko walikotoka mahakama iliwakata masikio wanaume walioapa uongo, ili popote waendapo mtu ajue neno lao halina thamani. Ndiyo maana bondeni mtu aliyepoteza kipande cha sikio katika ugomvi alikimbilia kwa karani wiki ileile, pamoja na adui aliyemuuma, wote wawili wakiwa bado wamevimba, ili iandikwe kwamba ni meno na si kisu cha serikali. Enoch hakuwahi kufanya hivyo. Aliyemuuma alikuwa amekwenda, na kisha ikawa kama imesahaulika.

Julai ya mwaka 1788 Drusilla Kemp, mjane wa Reuben, aliitwa mahakamani. Mgeni mmoja aliyeitwa Ashby Crole alikuwa na hati ya lile shamba la chini, udongo mweusi kando ya mto. Sheria ya bonde ilikuwa kwamba aliyelima mahindi kabla ya mwaka fulani ndiye mwenye haki, na Reuben alilima. Aliyemsaidia kung'oa visiki na kupanda safu za kwanza alikuwa Enoch, na mwingine aliyeshuhudia hakuwepo tena.

Enoch alisimama, akanyoosha mkono kuelekea kitabu. Wakili wa Crole, kijana aliyevaa soksi safi, akainuka.

"Mheshimiwa, kabla shahidi hajagusa kitabu, naomba avue kofia."

Enoch akavua.

"Na asukume nywele nyuma."

Shingo zikanyooshwa mabenchini. Wakili akaketi. Hakimu Moffet alipenga kamasi, akainama mbele.

"Sikio hilo, Bwana Lusk?"

"Liliumwa, Mheshimiwa. Katika ugomvi. Kabla ya vita vya kilimani."

"Limeandikwa?"

"Halikuandikwa."

"Yupo aliyeona?"

Wanamgambo wenzake wa zamani walisimama kwa wingi kumtetea, na wakamzamisha. Walikuwa wakweli. Mmoja baada ya mwingine wakasema walimwona kivukoni amefungwa kitambaa, naye mwenyewe aliwaambia ni tawi.

"Sasa ni meno au ni tawi?" wakili akauliza kwa upole.

Hakimu alisema kwamba shauri litangoja kikao cha Oktoba. Siku hiyo Enoch Lusk alete aliyemuuma, au kiapo chake kisipokelewe, na shamba liamuliwe kwa hati. Drusilla, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, alimpita Enoch mlangoni bila kumtazama. Halafu akarudi.

"Reuben alikuwa akisema wewe hujui kudanganya," alisema. "Kwa nini ulianzia pale?"

Enoch alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye sikio.

Keturah alikuwa akikoroga uji wa mahindi Enoch aliporudi. Alisikiliza habari yote bila kugeuka. Kisha akapangusa mikono, akachukua kutoka rafu ya juu sahani ya udongo yenye ua la kijani, ambayo Enoch aliiona kila siku na hakuwahi kuifikiria. Akaiweka mezani mbele yake.

"Unakumbuka yule mchuuzi wa vyombo, mwaka juzi?"

"Yule mwenye punda kilema."

"Alinitazama mdomoni mpaka nikataka kumfukuza. Akasema, 'Mama, samahani, sina ubaya, ila anayenichomea vyombo hivi ana meno kama yako, utadhani mmeazimana.' Baba Leah, yuko kwa wale ndugu wa dini wa Kijerumani. Wale wasioshika bunduki."

Enoch aliitazama sahani. "Miaka miwili unajua."

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungekwenda ukamuue, au ungekwenda ukamlete wakamuue. Nilikaa nikila kwenye sahani yake. Ilinitosha."

"Nisingemuua."

"Hukuniambia," Keturah akasema. "Wewe hukuniambia kitu chochote."

Mahindi yalipovunwa Enoch alipanda farasi. Ilimchukua siku nane kuvuka milima na kufika mji wa wale ndugu, wenye mitaa iliyofagiliwa na tarumbeta kanisani. Hakuulizia. Alifuata moshi wa tanuri, na huko nyuma ya karakana ya mfinyanzi akamkuta mtu akipanga kuni kwa urefu, amejaa vumbi jeupe la udongo kuanzia nywele hadi viatu.

"Shemeji," Enoch akasema, "umeamka au umekufa?"

Mtu yule alisimama na gogo mkononi. Alilitazama sikio kwanza, kisha uso.

"Nilikufa," alisema Tobias. "Umechelewa mazishi."

Wakakaa juu ya rundo la kuni. Tobias aliuliza habari za dada yake, na za Leah, ambaye alimwacha akitambaa na sasa anakamua ng'ombe. Kisha Enoch akamweleza habari ya shamba, ya Drusilla, ya wakili na soksi zake. Tobias alisikiliza huku akichongachonga kijiti kwa ukucha.

"Nikirudi kule wameniahidi nini?"

"Viboko. Na kupakwa lami ya moto."

"Bado tu?"

"Wengine wamekufa. Kwa hiyo viboko vimepungua."

Tobias alicheka kidogo, na mwanya ukaonekana. Halafu uso ukajikunja. "Hutafaidika na mimi, Enoch. Sikuapa kwa serikali yenu. Siwezi. Na asiyeapa kwenu hasikilizwi mahakamani, hata akisema jua linawaka. Utanivusha milima nikachapwe bure."

"Inawezekana."

"Basi kwa nini umekuja?"

Tanuri liliguruma nyuma yao. "Siku ile kilimani," Enoch alisema, "walipokwisha kupigana, nilibaki juu. Watu wenu walikuwa wamelala kila mahali, na vijitawi vya misonobari kwenye kofia. Wengine nyuso hazikutambulika. Damu, moshi, ndevu zote zinafanana. Sikuwa na njia nyingine. Nilipiga magoti kwa kila mmoja, nikamfungua midomo, nikatazama meno. Wote, Tobias. Kilima kizima. Kila nilipokuta meno yameshikana nilishukuru Mungu, na yule aliyelala pale alikuwa na dada yake mahali fulani. Nikashuka. Keturah akaniuliza kama nilikuona, nikamwambia sikukuona. Hajui jinsi nilivyotafuta."

Tobias alikivunja kile kijiti vipande viwili.

"Mimi sikupanda kilimani," alisema. "Walinipa ulinzi wa magari, maili kumi nyuma. Nilikaa nikitazama moshi nikijua uko huko. Na sikio lako moja." Akainuka, akaenda kuongea na mfinyanzi kwa Kijerumani kibovu, akarudi na koti. "Twende. Viboko vinaoza vikikaa sana."

Kikao cha Oktoba kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tobias alipoingia nyuma ya Enoch, minong'ono ilitangulia mbele yao kama upepo kwenye mahindi. Mzee mmoja wa mgambo alitema mate sakafuni. Keturah alikuwa ameketi kando ya ukuta na kikapu chake cha kwenda sokoni. Alimwona kaka yake, akafumba mdomo kwa kiganja, hakuinuka. Alijua akiinuka hatakaa tena.

"Huyu ndiye aliyekuuma?" Hakimu Moffet akauliza.

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Jina lake?"

Wakili alisimama kabla jina halijatajwa. "Sote tunamjua ni nani, Mheshimiwa. Je, ameapa utii kwa nchi hii?"

Hakimu alimgeukia Tobias. "Umeapa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Utaapa?"

"Nilishaapa mara moja maishani. Sikuwa na bahati nayo, lakini ndiyo niliyo nayo."

"Basi hawezi kusema," wakili akasema. "Sheria iko wazi. Asiyeapa hana ushahidi."

Hakimu alikubali kwa kichwa, na ilionekana hakufurahia. Drusilla Kemp alishusha macho kwenye mikono yake. Enoch alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye lile sikio.

"Mheshimiwa," alisema Tobias, "sitasema neno. Naomba tu kitu cha kuuma."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Hakimu alimtazama Tobias, akamtazama Enoch, akakitazama kile kijinyama kilichochomoza, na polepole uso wake mkavu ukapata sura mpya.

"Sheria inakataza kiapo chake," alisema. "Sikumbuki mahali inapotaja meno. Kuna mwenye nta?"

Keturah alikuwa ameshasimama. Kikapuni mwake mlikuwa na bonge la nta ya nyuki, pana na bapa kama mkate. Akalipeleka mbele, na alipompa kaka yake vidole vyao viligusana, wakaviacha hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Tobias alilipasha lile bonge kwa pumzi, akaliuma pembeni, akalitoa. Karani aliinama na kipimo chake cha kamba. Palipoumwa palikuwa na mashimo mawili ya meno, na katikati yao ukuta mwembamba wa nta umesimama mzima.

"Njoo hapa na hilo sikio, Bwana Lusk."

Wakaweka nta kando ya sikio. Upana ulikuwa uleule. Kijinyama na kijiukuta vilitazamana kama pande mbili za kuni iliyopasuliwa. Hakuna kisu duniani kingekata vile, na hakuna tawi pia.

Wakili wa Crole hakuwa mjinga. "Mheshimiwa, naona hata mke wa shahidi ana mwanya. Tutajuaje kwamba si yeye?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Keturah alingoja wamalize.

"Mheshimiwa, huyu ningemuuma mimi nisingeishia hapo," alisema. Akachukua nta, akaiuma upande wa pili, akaiweka mezani. Alama yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya kaka yake kwa nusu kidole. Karani alipima mara mbili, akatikisa kichwa kumsafisha.

Hakimu alimrudia Enoch. "Na lile tawi?"

"Nilimwogopea, Mheshimiwa. Tulikuwa watu mia mbili wenye silaha."

"Mahakama hii haipendi uongo."

"Hata mimi sikuupenda. Ila ningerudi pale leo ningesema tawi tena."

Hakimu alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yalivyodai. Kisha akamwambia karani aandike: kwamba sikio la kushoto la Enoch Lusk lilipungua kwa kuumwa katika ugomvi, wala si kwa hukumu ya mahakama yoyote, na kwamba yeye ni mtu wa kuaminika.

"Niandike aliumwa na nani?" karani akauliza, kalamu juu. Kila mtu alijua kwamba jina lililoandikwa humo siku ile lingeweza kutumiwa kesho na mtu mwenye kisasi.

"Andika, 'na kaka wa mkewe.' Yatosha."

Enoch akaweka mkono juu ya kitabu. Alieleza visiki vilikuwa vingapi, na kwamba safu ya kwanza ilikwenda upogo kwa sababu Reuben alikuwa akicheka. Shamba la chini likabaki kwa Drusilla Kemp.

Nje, wanaume saba au wanane walikuwa wamesimama karibu na mahali pa kufungia farasi, na mmoja wao alikuwa na mjeledi uliokunjwa. Tobias aliwaona, akavua kofia, akaanza kuwaendea, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kufika barabarani. Drusilla alimpita Enoch, akamshika Tobias mkono kwa mkono wake mkubwa wa kilimo, akatembea naye kando kwa kando katikati ya wale watu. Mjane wa mtu aliyekufa kilimani hapigiwi mjeledi puani. Wakasogea.

"Usidhani nimekusamehe," Drusilla alimwambia, akitazama mbele.

"Sidhani, mama."

"Natembea tu. Njia ni ya wote."

"Ndiyo, mama."

Alimfikisha mpaka kivukoni, akamwachia mkono, akashika njia ya shamba lake. Watatu waliobaki walipanda bonde kwa miguu wakimvuta farasi mmoja, Keturah katikati, amemshika kaka yake koti kama mtu aogopaye kupotezana sokoni. Nyumba ya Enoch ilipoonekana Tobias alitazama ng'ambo ya kijito, mahali palipokuwa na nyumba yake. Palikuwa na majani marefu na bomba la moshi limesimama peke yake. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea hivyo.

"Nitalala leo," alisema, "kesho nirudi. Kule kuna kuni za kupanga."

Chini ya mialoni kundi la nguruwe lilikuwa likichakura. Mmoja, dume dogo jekundu, aliinua kichwa kuwatazama. Tobias alisimama. Akachuchumaa, akamwita kwa mluzi, ule mluzi wake wa zamani, na mnyama akaja hatua chache akitumaini chakula. Sikio lake la kushoto lilikuwa na nusu mwezi kwa chini. Nyuma yake alikuja mwingine mwenye nusu mwezi, na mwingine.

"Huyu hajafika hata mwaka," alisema Tobias.

"Mama yake alizaa Machi," Enoch akajibu, akijishughulisha na hatamu.

"Mali yangu ilichukuliwa. Kwa sheria."

"Nguruwe hawakuambiwa."

"Nani aliyekata?"

"Yeye," Keturah akasema. "Mimi nashika."

Tobias alinyoosha mkono, akalishika lile sikio dogo kati ya vidole viwili, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliopona, taratibu, kama alivyolijaribu lile fundo la kitambaa zamani. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nguruwe akachoka kuvumilia.

"Umekata chini mno, shemeji. Miaka minane unakata chini mno."

"Basi Machi ukate mwenyewe," Enoch akasema, na akatangulia kwenda kuwasha moto.